Darubini ya Laki Nne Inaona Joto, Haioni Mtu

Wiki jana niliweka video fupi ya jamaa wa Texas akiwinda nguruwe mwitu usiku kwa darubini ya joto. Giza totoro, lakini kwenye kioo chake nguruwe wanang'aa weupe kama makaa. Nyinyi mkanijazia maoni, na swali moja likashinda yote: "Kwani hii kitu inapika chapati, ndo iuzwe laki nne?"

Swali zuri. Darubini nzuri ya aina hiyo huanzia kama dola 3,000, na ukibadilisha kwa shilingi 130 unakaribia laki nne kweli. Lakini kujua kama inastahili hiyo pesa, lazima turudi nyuma kidogo, na turudi hapa nyumbani.

Wawindaji wa zamani wa Tsavo, Waata na Wakamba, walitumia upinde na mishale iliyopakwa sumu ya mti wa msunguti. Sumu hiyo inaangusha hata ndovu. Shida ni kwamba mshale haufiki mbali, kwa hivyo ilibidi mtu anyate, apime upepo, aingie karibu kabisa. Akiachilia mshale, anajua amelenga nini: dume au jike, mzee au mwenye mtoto. Ujuzi ulikuwa kwa miguu na macho, na haukuuzwa dukani.

Halafu bunduki ikaja na umbali wake. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt alitua Mombasa, na kwenye safari yake yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512. Huyo akaitwa mwanaspoti. Miaka ya 1956 na 1957 serikali ya mkoloni ikafanya msako mkubwa Tsavo, na wale wa upinde wakashikwa na kufungwa. Hao wakaitwa majangili. Siwatetei waliouza pembe, lakini hebu tuambiane ukweli: kifaa na kibali ndivyo vilivyoamua nani aheshimiwe na nani aende jela.

Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Vifaru hawakupona kwa sababu ya karatasi. Karibu mwaka wa 1970 tulikuwa na vifaru weusi kama 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 walikuwa chini ya 400. Jangili sasa alikuwa na bunduki ya kivita, na usiku ulikuwa wake. Mlinzi akiwasha tochi, anajianika yeye mwenyewe kabla hajamwona mtu.

Sasa tuingie kwa hiyo bei. Mwaka wa 1800 mwanaastronomia William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Joto likapanda. Kumbe kuna mwanga tusiouona, na kila kitu chenye joto kinautoa: ng'ombe, jiwe lililopigwa na jua, wewe. Ila kioo cha kawaida huzuia ule unaotolewa na miili yetu, ndo maana lenzi ya darubini hizi hutengenezwa kwa jemaniamu, madini adimu yanayopatikana hasa kama masalio ya kusafisha zinki. China, inayozalisha sehemu kubwa yake, ilianza kudhibiti mauzo ya nje Agosti 2023. Nyuma ya lenzi kuna kihisi chenye maelfu ya vinukta, kila kimoja kidogo kuliko unene wa unywele. Vihisi vya zamani vilihitaji kupozwa kwa baridi kali. Hivi visivyohitaji kupozwa vilibuniwa Marekani miaka ya 80 kwa pesa za jeshi, na vilikuwa siri hadi miaka ya 90. Kwa hivyo laki nne unalipia madini adimu na kazi iliyoanzia vitani.

Inastahili? Mwaka wa 2016, kamera za aina hii zilianza kutumika Maasai Mara kupitia WWF na wenzao, na kabla ya mwaka kuisha zaidi ya majangili 24 walikuwa wameshikwa. Hapo mimi sina ubishi. Mlinzi anayeona bila kuonekana anarudi nyumbani asubuhi.

Lakini kuna kitu wauzaji hawasemi kwa sauti. Tangazo litakuambia "inaona hadi mita 1,800." Kuona nini? Mwaka wa 1958 mtaalamu wa Marekani, John Johnson, alipima jambo hili. Kwa lugha ya kamera za leo, vinukta viwili vinatosha kujua kuna kitu. Kujua kama ni mtu au mnyama unahitaji kama vinane, na kujua ni mtu wa aina gani unahitaji kama kumi na vitatu. Na hata hapo uwezekano wa kupatia ni nusu kwa nusu. Kwa hivyo ile 1,800 igawe kwa nne: baki na 450. Mbele ya hapo unaangalia doa jeupe, bana.

Ndo maana nikiulizwa namna ya kuchagua, nasema usikimbilie idadi ya vinukta. Kihisi cha 640 kwa lenzi ileile na vinukta vya saizi ileile kinakupa eneo pana zaidi, si picha ya karibu zaidi. Ukitaka kutambua, lipia lenzi ndefu. Ni ghali kwa sababu ina jemaniamu nyingi, lakini hiyo ndiyo pesa inayonunua jibu la swali "huyu ni nani?"

Mimi swali hilo linanigusa. Mjomba wangu kule Kibwezi alipotelewa na mbuzi, akawafuata usiku hadi karibu na mpaka wa hifadhi. Akasikia sauti: "Simama! Wewe nani?" Akataja jina lake, jina la kijiji, akataja hata rangi ya mbuzi. Wakacheka, wakamsaidia kutafuta. Kwenye darubini, mjomba na jangili wana joto lilelile. Kilichomwokoa ni mtu aliyeuliza kabla ya kufyatua.

Kwa hivyo, ndiyo, laki nne inaweza kustahili, mkononi mwa mlinzi, na hata kwa yule mkulima wa Texas anayelimiwa shamba na nguruwe. Lakini mwindaji wa upinde alikaribia ndipo akajua. Sisi tumenunua umbali. Ukiwa na doa jeupe kwenye kioo na kidole kwenye kifyatulio, subiri kwanza. Ama karibia, ama uliza.