PHP Mnayoicheka Iliwahi Kutushikia Ushahidi

Wasee, mjadala umerudi mtandaoni: eti PHP ilikufa, ni lugha ya wazee. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kuwabishia. Nina historia tu.

Mwaka 1994 jamaa anaitwa Rasmus Lerdorf aliandika vijiprogramu vya kumwonyesha nani amepitia wasifu wake mtandaoni. Juni 1995 akaviachilia kwa umma. Hiyo ndiyo PHP. Siku hizo kurasa nyingi za wavuti zilikuwa kama bango la ukutani: unasoma, unaenda. Skripti ikikaa kwa seva, ukurasa unapata masikio. Unajaza fomu, skripti inapokea, inaweka kwa hifadhidata, halafu anayekuja baada yako anaona ulichosema.

Sasa turudi Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, siku ya kutangazwa matokeo ya urais, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wanauawa, wengine wanafurushwa kwao, na TV haiwezi kuonyesha yanapotokea. Januari 2008 Ory Okolloh akauliza kwa blogu yake kama kuna wataalamu wanaoweza kuyaweka kwa ramani. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakaingia. Ndani ya siku chache, Ushahidi ilikuwa hewani. Unatuma ripoti kwa fomu ama kwa SMS, watu wa kujitolea wanaikagua, inatokea kwa ramani ikiwa na mahali na tarehe.

Baadaye waliliachilia jukwaa bure, na upande wa seva lilikuwa PHP. Lilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. PHP ilifaa kazi hiyo: seva za bei ya chini karibu zote zinaielewa, na ukibadilisha faili unafungua ukurasa tena, mabadiliko yako hapo.

Mbona najali? Usiku wa 25 Juni 2024 risasi zililia hapa Githurai 45. Mtandao ulikuwa umesumbua siku hiyo. Asubuhi kila mtu alikuwa na nambari yake ya waliokufa, na kwa simu kulikuwa na nambari zingine kabisa. Mimi pia nilisambaza moja bila kuuliza imetoka wapi. Wiki iliyofuata singeweza kukutajia hata jina moja nyuma yake.

Hapo ndipo tunajichoma. Anayetaka kukana anashika nambari yetu moja ya uongo, anasema basi yote ni uongo. Na aliyefiwa kweli anabaki bila wa kumwamini.

Kwa hivyo usiku najifunza PHP. Fomu yangu ya kwanza ina maswali manne: Nini? Wapi? Lini? Uliona mwenyewe ama uliambiwa?

Wewe ungeongeza gani?