Bob Tatu za 2010: Nani Alitushushia Bei ya Simu?

Muulize mtu yeyote hapa Nax kwa nini bei ya kupiga simu ilishuka Kenya. Atakwambia, "Ni ushindani." Sawa, lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Ushindani tulikuwa nao tangu 2000, na miaka kumi baadaye watu bado walikuwa wanaflashi.

Turudi nyuma kidogo. Tangu 1977, simu zilikuwa za shirika moja la serikali, KPTC, lililoendesha pia posta. Sheria ya 1998 ikaligawa. Mwaka 1999 tukapata Telkom, Posta, na msimamizi wa sekta, CCK, ambaye leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2000 KenCell na Safaricom zikaanza biashara. KenCell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Mwenye pesa kidogo aliona tofauti mara moja, na Safaricom ikakua.

Shida ni kwamba kupiga nje ya mtandao wako kulikuwa ghali. Sababu kubwa ni ada ambayo mteja haioni kwa simu yake. Ukipigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako inailipa kampuni yake kwa kila dakika. Chukua mkulima wa viazi Molo mwenye laini ya kampuni ndogo. Dalali wake wa Nakuru yuko kwa kampuni kubwa, kama watu wengi. Kila wakipatana bei ya gunia, kampuni ndogo inalipa. Ada ikiwa juu, kampuni hiyo haiwezi kushusha bei hata ikitaka, itauza kwa hasara. Basi mkulima ananunua laini ya pili na maisha yanaendelea.

Julai 2010, CCK ilishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Mwezi uliofuata tu, Zain, ambayo ndiyo Airtel ya leo, ikatangaza bob tatu kwa dakika kupiga mtandao wowote. Safaricom nayo ikashusha. Hakuna kampuni iliyotuonea huruma ghafla. Msimamizi alifungua mlango, mshindani akapita.

Ratiba ilisema Julai 2011 ada ishuke tena hadi 1.44. Kampuni zikalalamika, serikali ikasimamisha, na punguzo likaja mwishoni mwa 2012. Mwaka 2014 ada ikafika senti 99, ikakwama hapo hadi 2022. Mamlaka ilitaka senti 12. Safaricom ikakata rufaa, wakaafikiana senti 58. Machi 2024 ikawa senti 41.

Sitalaumu kampuni kwa kujitetea. Minara ina gharama, na kulalamika ni haki yao. Swali langu ni moja: wakati kampuni zinajaza viti, sisi wateja tulikuwa wapi?

Na wakati tunaangalia bei ya dakika, kufuli ilihamia kwingine. Aprili 2011 tuliruhusiwa kuhama mtandao bila kubadilisha nambari. Waliohama ni wachache sana. Sababu moja wapo iko mfukoni mwako: M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Ukihama, nambari inakufuata, lakini pochi inabaki nyuma. Nani ataacha pochi aliyozoea, inayojulikana na kila duka kutoka Naivasha hadi Mau Summit?

Hata hapo, kufuli ililegea iliposukumwa. Mwaka 2014, baada ya Mamlaka ya Ushindani kuingilia, wakala wa M-Pesa aliruhusiwa kuhudumia mitandao mingine pia. Mwaka 2018 tukaanza kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao.

Katiba ya Agosti 2010, mwezi ule ule wa bob tatu, inampa mteja haki zake kwenye kifungu cha 46. Msimamizi akitaka kubadilisha kanuni, huomba maoni ya umma kabla ya kuamua. Kampuni hutuma mawakili. Sisi huandika matusi kwenye komenti, halafu tunaendelea kuskroli.

Kwa hivyo tangazo lijalo la maoni likitoka, wanabodaboda wa Nakuru, wakulima wa Molo, wanafunzi wa Egerton pale Njoro, tuandike. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tunalipa nini, tunakwama wapi, tunataka nini. Bei ya dakika yako ilishuka kwa uamuzi wa ofisini. Uamuzi ujao usifanywe kana kwamba hatupo.