Udongo wa Basra na Watu Waliouchota



Vitabu vya tarehe hutaja sana wafalme na vita, na udongo hutajwa kidogo mno, hali ya kuwa vita vingi asili yake ni udongo. Leo nakuomba tuutazame udongo wa mahali pamoja tu, nao ni ule ulio pembezoni mwa mji wa Basra, kusini ya Iraki, pale mito ya Dajla na Furati inapokwisha kukutana na kuteremka pamoja kuelekea baharini. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni udongo unaoyadanganya macho. Pili, miongoni mwa waliouchota kwa mikono yao walikuwamo watu waliotolewa katika mwambao wetu huu.

Mji wa Basra uliasisiwa katika zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), kiasi cha mwaka 638, na mwanzo wake ulikuwa kambi ya askari. Al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, anaeleza katika kitabu chake cha habari za futuhi kwamba al-Ahnaf bin Qays, mkubwa wa Bani Tamim, alikwenda mbele ya Khalifa kuwashitakia wenzake. Alisema kuwa ndugu zao wa miji mingine wamepata mito na miti, na wao wameteremshwa katika ardhi ya chumvi ivujayo maji, ambayo udongo wake haukauki wala malisho yake hayaoti. Upande mmoja bahari ya chumvi, na upande wa pili jangwa. Sayyidna Umar akamwandikia gavana wake, Abu Musa al-Ash'ari, awachimbie watu wa Basra mfereji wa maji matamu.

Yazingatie vizuri maneno ya al-Ahnaf. Udongo haukauki, na juu ya hayo hauoti kitu! Mkulima yeyote wa kwetu angeuliza: ikiwa ardhi ina unyevu mwaka mzima, kinachozuia mbegu ni nini? Al-Ahnaf hakuwa mtaalamu wa kilimo, lakini aliisifu ardhi ile kwa alama zake mbili za kweli, na wataalamu waliokuja kuichimba na kuipima miaka zaidi ya 1,300 baadaye hawakuwa na la kumkosoa.

Ardhi yote ile imeletwa na mito. Kila mafuriko mto huja na matope, ukayatandaza, kisha ukarudi mahali pake. Chembe nzito huanguka karibu na ukingo, na chembe nyembamba huchukuliwa mbali hadi mabondeni. Baina ya mchanga na ule udongo wanaofinyangia vyungu mna udongo wa tatu, yaani mashapo laini ya mto, na huo ndio wingi wa udongo wa ukingoni kule. Utautambua kwa mkono. Mchanga hukwaruza vidoleni. Udongo wa chungu hunata, na ukiuviringa huwa uzi mrefu usiokatika. Mashapo laini hayakwaruzi wala hayanati sana. Ukiyasugua baina ya vidole ni kama unga wa ngano, na ukiyaviringa hukatika upesi. Tena fanya jaribio hili: chukua donge lililolowa, uliweke kiganjani, ulitikisetikise. Utaona maji yanatoka juu na kung'aa. Ulibane kidogo, na maji hayo hupotea ndani. Na ukichimba shimo ukakuta chini rangi ya kijivu yenye mabaka ya kutu, jua kwamba hapo maji hutuama muda mrefu wa mwaka.

Sasa njoo kwenye hila yake. Utambi wa taa huyapandisha mafuta kutoka chini mpaka kwenye moto, ingawa mafuta tabia yake ni kuteremka. Mashapo laini hufanya vivyo hivyo na maji. Nafasi zilizomo baina ya chembe zake ni nyembamba kama nyuzi, basi maji yaliyo chini, kina cha mita moja au zaidi, hupanda polepole hadi juu. Jua la Iraki huyakausha, na ile chumvi kidogo iliyokuwamo ndani yake hubaki. Kesho hupanda mengine. Ukipita miaka, ardhi huwa imevaa ganda.

Wakulima wa Iraki wanazo namna mbili za kuiita ardhi hiyo, na mtaalamu wa Kiholanzi aitwaye Buringh, aliyeandika kitabu juu ya udongo wa nchi ile mwaka 1960, aliyakubali majina yao akayatumia katika kuzipanga aina zake. Moja huitwa shura. Hiyo ina ganda jeupe kavu la chumvi kama ya kulia na nyinginezo, nayo humwonya mtu kutoka mbali. Ya pili huitwa sabakh. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa ni nyeusinyeusi na imelowa, na mgeni akiiona asubuhi hudhani imenyweshewa usiku. Chumvi yake ni ya namna nyingine, inayovuta unyevu kutoka hewani. Mama wa nyumbani analijua jambo hili bila ya kusomeshwa: chumvi ya mawe ikikaa jikoni wakati wa masika hulowa yenyewe, na chombo kikatoa maji. Ndivyo ilivyo sabakh. Mzizi uliomo ndani yake hufa kwa kiu hali umezungukwa na maji, mfano wa baharia aliyepotea mashuani. Wakulima wa Pemba ambao maji ya bahari yameingia katika mabonde yao ya mpunga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na ajabu ni kuwa ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka hapo, udongo ni ule ule na mitende ilisitawi. Basra ina maji kujaa na kupwa kama kwetu, ila zamani yaliyokuwa yakijaa yalikuwa matamu: bahari iliusukuma mto urudi nyuma, na maji ya mto yaliingia mifereji ya mashamba mara mbili kila siku, kisha yakatoka. Al-Muqaddasi, mwanajiografia aliyeandika kiasi cha mwaka 985, aliihesabu hali hiyo kuwa ni neema kubwa ya watu wa Basra, maana maji huwazuru wenyewe, yakanywesha mashamba na kuchukua mashua hadi vijijini, na yakipwa huendesha vinu. Maji yanapotoka huondoka na chumvi. Kwa hiyo ukitaka kuujua udongo wa Basra kwa ukweli, usiulize rangi yake tu. Uliza maji yake yanatokea wapi. Wenye kutoka ni shamba, na usio na kutoka ni shura au sabakh.

Mafakihi nao walikuwa na mpango wao wa ardhi, tena wenye uzito mkubwa zaidi duniani, kwani huo ulitoa milki. Kwao ardhi ni hai au mfu. Mtume (s.a.w.) amempa haki ya kuimiliki yule aliyeifufua ardhi mfu isiyokuwa ya mtu. Imam Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Imam Shafii, ambaye sisi wengi wa mwambao tunamfuata, hakushurutisha. Ni sheria ya rehema, na maskini mwenye jembe alipewa mlango. Lakini katika Iraki mlango huo uliingiwa zaidi na wenye mali. Mabwawa ya kusini yalipohitaji kutengenezwa kingo zake, al-Hajjaj alimwandikia Khalifa al-Walid kwamba gharama ni dirhamu 3,000,000. Al-Walid akaona ni nyingi. Ndugu yake Maslama akasema atazitoa yeye, kwa sharti apewe ardhi za chini zitakazobaki na maji. Akapewa, akachimba mifereji, akapata nchi nzima ya mashamba.

Nani basi aliifufua ardhi, aliyetoa dirhamu au aliyeinama? Katika mlango wa kuhuisha ardhi, kazi ya mtumwa huhesabiwa ya bwana wake, na mjadala hukatika hapo. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ameunyima haki mzizi uliopandwa kwa dhuluma katika ardhi ya mtu. Na kuhusu watumwa aliamrisha walishwe katika kile anachokula bwana wao, wala wasitwishwe lililo juu ya uwezo wao. Hayo yamo katika Bukhari na Muslim, na wenye mashamba ya Basra walikuwa wakiyasikia misikitini.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kulikwangua lile ganda la shura, kulichukua, kulirundika kando, mpaka ufike udongo mzuri wa chini. Waliohusika na kazi hiyo al-Tabari anawaita shurajiyyun, na jina hilo limetokana na hiyo shura. Wakapewa jina la uchafu waliokuwa wakiuondoa! Naye anataja posho yao: unga, sawiki (yaani unga wa nafaka iliyokaangwa) na tende. Na kwa kuwa palipokwanguliwa bila ya kupatiwa njia ya maji kutoka chumvi hurudi, kazi ile ilikuwa haina mwisho ila mwisho wa mfanyaji.

Wengi wao waliitwa Zanji. Wanahistoria wa siku hizi wanabishana juu ya wangapi kati yao walitoka Afrika ya Mashariki, na ni kweli kwamba wamo waliotoka kwingineko, na walijiunga nao mabedui na wanakijiji huru. Hata hivyo al-Jahiz, mwandishi mkubwa na mzaliwa wa Basra, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 868 au mwanzoni mwa 869, anawataja Zanji wa Qanbalu na wa Lunjuya, na wanavyuoni wengi wanayasoma majina hayo kuwa ni Pemba na Unguja. Aliwaona kwa macho yake katika mji wake.

Mwezi wa Septemba 869, katika Ramadhani ya mwaka 255 wa Hijra, mtu mmoja aitwaye Ali bin Muhammad aliwatoa watu hao mashambani, kundi baada ya kundi. Hakuwa mtumwa wala Zanji. Mwaka 871 waliingia Basra, wakaua na kuchoma. Walijenga mji wao, al-Mukhtara, katikati ya mifereji na matope waliyoyajua kuliko askari yeyote wa Baghdad. Farasi wa Khalifa hawakuwa na faida humo. Vita vilidumu karibu miaka 14, hata al-Muwaffaq, nduguye Khalifa al-Mu'tamid, alipouzingira mji, akawapa amani waliojisalimisha, na akauteka mwaka 883.

Al-Tabari, aliyekuwa hai wakati huo, kila mara humwita kiongozi wao khabithi. Sina haja ya kumtetea. Aliwaahidi wafuasi wake mali na watumwa, na mateka wa Basra walitiwa utumwani na watu ambao jana walikuwa watumwa wenyewe. Lakini anayemlaani Ali bin Muhammad peke yake, akanyamaza juu ya wale waliowakusanya watu kwa mamia wakwangue chumvi juani kwa unga na tende, amesoma nusu ya ukurasa.

Ukiitazama nchi ile kutoka angani utaona matuta marefu ya udongo, zaidi ya 7,000, yamepangika sambamba karibu na Shatt al-Arab. Watu walizoea kusema ni kazi ya Zanji wa kabla ya uasi. Mwaka 2025 watafiti, Wairaki wakiwamo, walitangaza katika jarida la Antiquity matokeo ya kuyachimba manne kati yake. Chembe za udongo zilizofukiwa huweka hesabu ya muda tangu zilipoonana na jua mara ya mwisho, na kwa hesabu hiyo matuta yale yalikuwa yakitumiwa tangu mwisho wa karne ya 9 mpaka katikati ya karne ya 13. Maana yake ni kuwa al-Mukhtara ilikwisha kuanguka, al-Muwaffaq alikwisha kufa, al-Tabari alikwisha kukiweka kalamu chini, na bado kulikuwa na watu wameinama katika udongo ule, kizazi baada ya kizazi, wakichota na kurundika.