Nani alimpima bibi yangu?

Nimepotea, najua. UE zilinibana, na boom nalo likachelewa. Leo niko hosteli, umeme umerudi, acha niandike.

Bibi yangu alifariki nyumbani Kitomanga kwa kansa ya kizazi. Miezi ya mwisho alilia usiku mpaka majirani wakawa wanasikia. Mjomba alipoomba dawa kali kuliko Panadol, mhudumu mmoja wa afya alimjibu, "Hizo zitamfanya teja." Teja! Bibi wa miaka 75 anayesubiri kufa! Nilikuwa kidato cha tatu, nikanyamaza. Mwaka huu nilipopewa insha ya historia, nikaamua kuuliza: huo uteja wa dawa hupimwaje, na hupimwa kwa nani?

Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliuza dawa ya kikohozi, ikasifiwa kwamba haina uraibu kama morfini. Jina lake heroini. Ndiyo, unga huu huu. Makosa kama hayo yakafanya watu watafute kipimo badala ya kuamini mdomo wa muuzaji.

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua pale Lexington, Kentucky, hospitali iliyokuwa pia jela ya watumiaji wa dawa za kulevya. Watafiti waliwapa wafungwa dawa mpya, kisha wakahesabu dalili za arosto: miayo, makamasi, kutapika. Baadaye wakaongeza swali: dawa hii umeipenda kiasi gani? Swali hilo lipo hadi leo. Mtumiaji mzoefu anaweka alama kati ya 0 na 100, bila kujua kama amepewa dawa au kidonge kitupu. Majaribio kwa wafungwa yalikoma 1976, baada ya kujulikana kwamba baadhi yao walilipwa kwa dawa zenyewe. Teja akilipwa unga, huko ni kujitolea kweli?

Halafu kipimo nacho hupotosha. Tramado ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1977. Ilipopimwa kwa sindano ilionekana haina stimu ya maana. Kumbe ukiimeza, ini linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi. Vijana wengi wa Misri na Nigeria wamenasa humo.

Sasa wadau, hapa ndipo nilipokwama. Vipimo hivi vinamwangalia mtu anayejua stimu. Bibi alikuwa anatafuta usingizi tu.

Jirani zetu Uganda walianzia kwa mgonjwa. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha huko huduma ya kuwauguza wenye maradhi yasiyopona, kwa morfini ya maji ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wakaruhusiwa kuiandika. Hata kwetu, Ocean Road pale Dar wanatoa morfini ya kunywa. Ila Dar na Kitomanga ni safari, tena ya mgonjwa.

Sisemi kufuli litolewe kabatini. Mateja tunao, na Muhimbili walianza kuwatibu kwa methadoni mwaka 2011. Methadoni yenyewe ni ndugu wa morfini! Kumbe dawa ya ukoo huo inaweza kupewa hata teja, kwa uangalizi.

Bibi yangu je? Yeye nani alimpima?

Haya, tuonane wiki ijayo. Maoni ruksa.