Udhoofu wa ishara: kabla mkongo haujakatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Rwanda, Malawi na kwingineko. Neno lililosikika sana siku hizo lilikuwa hitilafu. Si neno baya, ila ni pana mno: fyuzi ikiungua ni hitilafu, programu ikikwama ni hitilafu, mkongo ukikatika ni hitilafu. Mhandisi wa mawasiliano anahitaji neno jembamba zaidi, la kutaja hali ambayo mkongo bado ni mzima na mwanga bado unapita, lakini ishara inafika ikiwa pungufu ya nguvu au ya ubora. Istilahi ninayoipendekeza ni udhoofu wa ishara.

Fasili yake ni hii: badiliko lolote linaloipata ishara ya mwanga safarini ndani ya uzi wa kioo na kuufanya ujumbe uwe mgumu kusomeka upande wa pili. Chini ya mwavuli huo kuna aina kadhaa, na tatu ndizo kubwa.

Ya kwanza ni ufifiaji, yaani nguvu ya mwanga kupungua. Hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zikipotea, nguvu hubaki nusu. Uzi wa siku hizi hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa mwanga wa nanomita 1550. Maana yake, baada ya kilomita 15 nusu imekwisha, na baada ya kilomita 100 imebaki sehemu moja tu katika mia. Hata hivyo hayo ni maendeleo makubwa. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walipoeleza kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu, lengo lao lilikuwa desibeli 20 kwa kilomita, na kiwango hicho kilifikiwa na kampuni ya Corning mwaka 1970. Hasara ya kilomita moja ya wakati ule ndiyo hasara ya kilomita 100 za leo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Ya pili ni mtawanyiko. Mwanga wa leza hauna rangi moja tupu. Ndani ya kioo rangi zake husafiri kwa kasi zinazotofautiana kidogo, hivyo mpigo uliotoka mwembamba hufika umetanuka na kuingiliana na jirani yake. Ya tatu ni kelele. Kila amplifaya iliyowekwa njiani hukuza ishara, lakini hukuza na kelele iliyoikuta, kisha huongeza yake.

Aina hizi ndizo zinazonifanya nisiridhike na upotevu wa ishara, tafsiri ambayo wengi huikimbilia. Upotevu unafaa kwa ufifiaji tu, kwa sababu katika mtawanyiko nguvu haijapotea, na katika kelele kimeongezeka kitu kisichotakiwa. Uharibifu nao unaashiria kwamba kazi imekwisha. Udhaifu lingefaa kama halingekuwa limeshachukuliwa na wataalamu wa usalama wa kompyuta, wanaolitumia kutaja upenyo wa wadukuzi. Udhoofu linabaki huru, tena lina ndugu wote tunaowahitaji: ishara hudhoofika, kona kali huidhoofisha, mkongo umedhoofu.

Udhoofu haufai kupimwa mara moja tu siku ya makabidhiano, unahitaji ufuatiliaji. Tena ukipima kwenye ncha mbili utajua jumla ya kilichopungua, lakini hutajua kimepungulia wapi. Kifaa kinachojibu swali la wapi ni OTDR, jina ambalo mafundi hulitamka herufi kwa herufi. Wazo lake lilitangazwa na Barnoski na Jensen mwaka 1976, na linafanana na mtu apigaye ukelele bondeni akakadiria umbali wa mlima kwa muda wa mwangwi kurudi. Kifaa hutuma mpigo wa mwanga, na kioo chenyewe, kila hatua, hurudisha chembe ndogo yake. Kwa kuwa mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kila kilomita huchukua maikrosekunde 10 kwenda na kurudi.

Kinachotokea kwenye skrini ni mstari unaoteremka taratibu. Konekta huonekana kama mwiba. Kiungo au mkunjo huonekana kama kidaraja cha kushuka, na kiungo kilichochomelewa vizuri hakizidi desibeli 0.1. Kutofautisha kiungo kibovu na mkunjo, fundi hupima kwa nanomita 1310 na 1550: hasara ya mkunjo huongezeka kwenye 1550, ilhali ya kiungo hubadilika kidogo sana. Kama njia inatumika, hupima kwa nanomita 1625 au 1650 bila kuwasumbua wateja. Kisha hulinganisha mstari wa leo na ule uliohifadhiwa siku njia ilipofunguliwa. Kidaraja kipya ndicho dalili.

Tahadhari moja: kilomita za OTDR si kilomita za barabara. Uzi umezungushwa ndani ya kebo, na kwenye mashimo ya ukaguzi huachwa urefu wa akiba. Anayechimba kwa kufuata tarakimu ya skrini bila ramani ya njia atachimba mahali pasipo.

Kwa hiyo taarifa kamili ya fundi husomeka hivi: ishara imedhoofika kwa desibeli 1.5, kilomita 31 kutoka kituoni, dalili za mkunjo. Ina kiasi, mahali na sababu, vitu vitatu ambavyo “mkongo una hitilafu” haivitaji. Hitilafu libaki kwenye tangazo kwa wateja, na kukatika kwa mkongo uliokatika kweli. Udhoofu tulitumie kwa lile ambalo bado linaweza kutengenezwa kabla mteja hajapiga simu.