Ndanda: Jina la Masasi, Uwanja wa Mtwara

Mwaka 2013 ulianza vibaya kusini. Tarehe 26 Januari mji wa Masasi uliwaka moto: ofisi na nyumba za viongozi zilichomwa, polisi na vijana wakakabiliana barabarani, watu wakapoteza maisha. Tarehe 22 Mei ikawa zamu ya Mtwara mjini. Bajeti ya nishati ilikuwa inasomwa bungeni Dodoma, na watu waliposikia kwamba bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam, ambalo walilipinga, liko palepale, mji ukalipuka. Wanajeshi wakaletwa. Kwa miezi kadhaa habari ya kusini nchini Tanzania ilikuwa moja tu, nayo ni gesi na mabomu ya machozi.

Septemba ya mwaka huohuo Ligi Daraja la Kwanza ikaanza, na katika Kundi A ilikuwamo timu ya Mtwara iitwayo Ndanda, ambayo mashabiki wake waliiita Wana Kuchele. Wapenzi wengi wa mpira nje ya mkoa hawakuwa na habari nayo. Kabla yake kusini kulikuwa na Bandari Mtwara na Kariakoo ya Lindi, timu zilizowahi kufika juu zikateremka, na waliozikumbuka walizitaja kama watu wanavyomtaja marehemu: kwa heshima, bila matumaini ya kumwona tena.

Jina la timu lilikuwa la Masasi. Ndanda ni mji mdogo katika wilaya ya Masasi, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, kando ya barabara inayotoka pwani kwenda Masasi mjini. Wabenediktini kutoka Ujerumani waliweka misheni hapo mwaka 1906, wakajenga abasia, shule na hospitali ambayo hadi leo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Ukipanda juu ya uwanda na kuendelea kusini unafika Newala, mji ulio ukingoni kabisa, ambako ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Newala haina mto wala ziwa, na kwa miaka mingi kina mama wa uwandani walishuka mabondeni kufuata maji na kupanda tena na ndoo kichwani. Ina mikorosho, kama ilivyo kwa Masasi na Tandahimba, na pesa ya huko huja na korosho, kuanzia Oktoba hadi Januari.

Mpira wenyewe huko ni wa zamani kuliko vilabu. Mwaka 1876 misheni ya Waanglikana ya UMCA, ikiongozwa na Askofu Edward Steere, iliwaweka Masasi watu walioachiwa huru kutoka utumwani, waliokuwa wametolewa Zanzibar. Walimu wa misheni hiyo walisomeshwa chuo cha Kiungani, Unguja, ambako vijana walicheza kandanda tangu karne ya 19. Mwalimu aliyetoka Kiungani alikuja na Biblia, ubao na chaki, na si vigumu kukisia kwamba alikuja na mpira pia. Shule za misheni, Chidya ikiwamo, ndizo zilizowalea wasomi wa kwanza wa eneo hilo. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938 na baadaye akawa rais wa Tanzania, alitoka katika nchi hiyohiyo ya shule za misheni.

Turudi kwenye msimu. Ligi Daraja la Kwanza ya 2013/14 ilikuwa na timu 24 katika makundi matatu, kila kundi timu nane, na kila timu mechi 14, saba nyumbani na saba ugenini. Aliyepanda ni mshindi wa kundi, basi. Wa pili hakupata chochote: hakuna mchujo, hakuna nafasi ya kujitetea. Huko Italia, Serie B hupandisha timu tatu, na ya tatu hupatikana kwa mechi za mtoano, kwa hiyo hata aliyemaliza nafasi ya sita hufika Mei akiwa bado na hesabu mkononi. Katika Kundi A, ukipoteza mechi mbili mfululizo mwezi wa Novemba, msimu umekwisha na bado unadaiwa nauli.

Na nauli ndiyo iliyokuwa adui wa Ndanda. Wapinzani wake walikuwa African Lyon, Villa Squad, Transit Camp, Friends Rangers, Polisi Dar, Green Warriors na Tessema, timu za Dar es Salaam na viunga vyake. Timu hizo zilipocheza zenyewe kwa zenyewe, mchezaji aliamka kwake, akapanda daladala, akafika uwanjani. Kwa Ndanda kila mechi ya ugenini ilikuwa safari ya kilomita 560 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Miaka ya nyuma safari hiyo isingewezekana kwa ratiba ya ligi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi lilisubiri kivuko cha Rufiji, na mvua ikinyesha kusini kulikatika kabisa na sehemu nyingine za nchi. Daraja hilo ni mchango mkubwa kwa mpira wa kusini kuliko kombe lolote, ingawa sidhani kama aliyelijenga alikuwa anawaza mpira.

Umbali uleule ulikata pande zote mbili. Timu za Dar es Salaam zilipokuja Uwanja wa Nangwanda Sijaona, uliopewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU na waziri katika serikali ya Nyerere, zilishuka kwenye basi zikiwa na siku nzima ya barabara miguuni. Zilikuta joto la pwani na uwanja uliojaa. Mji uliokuwa chini ya ulinzi mkali miezi michache nyuma ulipata mahali pa kukusanyika bila kuulizwa na mtu. Sisemi kwamba mpira ulitibu kilichotokea Mei, kwa sababu haukutibu. Lakini mkusanyiko uliokuwa halali kuliko mingine yote Mtwara msimu ule ulikuwa wa mpira.

Mapema mwaka 2014 Ndanda ikawa mshindi wa Kundi A. Polisi Morogoro na Stand United ya Shinyanga zikapanda kutoka makundi mengine. Kusini ikarudi Ligi Kuu.

Tuseme neno kuhusu mfumo huo wa mshindi peke yake, kwa sababu ulikuja kuzaa aibu. Mwaka 2016, chini ya utaratibu uleule wa makundi matatu, siku ya mwisho ya Kundi C Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na saa hizohizo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Zote mbili zilikuwa zinafukuzia tofauti ya mabao. Shirikisho la soka lilifanya uchunguzi, timu zote nne zikaadhibiwa, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Waitaliano wasitucheke. Juni 2005 Genoa iliifunga Venezia 3-2 katika mechi ya mwisho ya Serie B na kupanda. Siku chache baadaye ikakamatwa bahasha yenye euro 250,000, na Genoa badala ya Serie A ikajikuta Serie C1. Mlango ukiwa mwembamba na pesa iko upande wa pili, watu watajaribu kupita dirishani, awe mtu wa Italia au wa Ziwa Victoria. Ndanda ilipita mlangoni.

Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, Septemba 2014, ilikuwa Shinyanga dhidi ya mgeni mwenzake, Stand United. Ndanda ilishinda 4-1. Wiki ile timu yenye jina la mji wa Masasi ilikuwa inatajwa kileleni mwa ligi, na vijiweni Newala na Masasi watu waliokuwa wa Simba na Yanga tangu kuzaliwa wakagundua kwamba wana timu ya tatu. Baadaye hali ikawa ngumu, kama ilivyo kwa karibu kila timu inayopanda. Ndanda ilimaliza msimu kwa kuifunga Yanga, iliyokwisha kutwaa ubingwa, 1-0 hapo Nangwanda Sijaona, ikasalimika. Walioshuka ni Polisi Morogoro na Ruvu Shooting.

Hapo ndipo hadithi nyingine inapoanza, ya pesa. Jina lilikuwa la Masasi, lakini uwanja ulikuwa Mtwara mjini, kilomita 200 hivi kutoka Masasi. Kutoka Newala hadi Mtwara kupitia Tandahimba na Nanyamba ilikuwa barabara ya vumbi. Lami ya barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, ilianza kujengwa kwa vipande baadaye, Mnivata ikiwa kituo cha kwanza. Mkulima wa Newala aliyetaka kuiona Ndanda alihitaji nauli, kiingilio, chakula na mahali pa kulala, na hivyo vyote kabla chama cha ushirika cha mazao, AMCOS, hakijamlipa. Wengi walibaki na redio, au kwenye kibanda umiza siku ambayo mechi inaonyeshwa. Timu ilipata mashabiki uwandani. Haikupata pesa yao ya mlangoni.

Klabu yenye njaa huuza ilicho nacho. Mei 2016 Ndanda ilikuwa mwenyeji wa Yanga, na mechi ikachezwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ilikwisha 2-2 na Yanga wakakabidhiwa kombe lao mbele ya mashabiki wao. Mtu anaweza kuielewa hesabu hiyo: Dar es Salaam kuna watu na kuna viingilio. Lakini kilichouzwa ni siku kubwa kuliko zote ambazo Mtwara ingeweza kuwa nayo mwaka ule, na watu wa kusini walinyimwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa, hata kama lilijaza shimo la mwezi mmoja.

Msimu wa 2018/19 ndio ulioibana klabu zaidi. Ligi iliongezwa hadi timu 20, mechi 38, na ikachezwa bila mdhamini mkuu. Ndanda, ambayo safari yake fupi ni ndefu kwa wengine, ilitakiwa kwenda Kanda ya Ziwa na kurudi. Msimu huohuo biashara ya korosho ikavurugika. Wakulima walikataa bei za mnada, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ya wengi yakachelewa sana. Mkoa ukikosa pesa ya korosho, duka, baa, bodaboda na timu ya mpira vyote hukosa. Wachezaji wa Ndanda walitoka sare ya 0-0 na Simba mapema msimu ule na wakabaki Ligi Kuu, jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha.

Msimu uliofuata hawakuweza tena. Ligi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarejea Juni, na ikakamilika 26 Julai. Ndanda ilishuka pamoja na Alliance, Lipuli na Singida United. Siku mbili kabla ya hapo nchi ilikuwa imetangaziwa kifo cha Mkapa, na tarehe 29 Julai alizikwa Lupaso. Wiki hiyo Uwanja wa Taifa ukapewa jina lake. Kwa hiyo uwanja mkubwa kuliko vyote nchini ukabeba jina la mtu wa Masasi katika wiki ileile ambayo timu yenye jina la mji wa Masasi ilipoteza haki ya kucheza Ligi Kuu uwanjani humo.

Bendera ya kusini ilikuwa imeshachukuliwa na wengine. Namungo, ya Ruangwa mkoani Lindi, ilipanda kutoka Daraja la Kwanza mwaka 2019, ikamaliza ya nne katika msimu ambao Ndanda ilishuka, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba Agosti 2020 na kufungwa 2-1, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa si mji mkubwa kuliko Masasi. Tofauti ni kwamba Namungo walikuwa na Uwanja wa Majaliwa hapohapo mjini kwao, na mkulima wa ufuta wa Ruangwa alikwenda kuwatazama kwa miguu.