Bodi mpya na uso wa babu

Wiki ya kwanza baada ya kubadilisha kamera sikupiga picha ya maana hata moja. Nilipiga kitasa cha mlango, paka wa jirani, sufuria iliyoanikwa juani. Nadhani kila anayenunua bodi mpya hufanya hivyo, ili ajue pesa yake imekwenda wapi. Lenzi zilikuwa zilezile na begi lilelile; kilichobadilika ni boksi la katikati tu. Bodi ya zamani, yenye kioo ndani, niliinunua ikiwa imeshatumika, nikazunguka nayo miaka minane kwenye harusi, mahafali na misiba. Hii mpya haina kioo. Ukibonyeza husikii ule mlio wa kioo kupanda na kushuka, na siku ya kwanza nilidhani haipigi.

Jumamosi nikaenda nayo kwa bibi, Muheza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Nimekuja na kamera mpya."

"Hiyo hailiwi," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Jioni umeme ulikatika. Bibi akawasha kibatari, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nikapandisha ISO hadi 6400, kiwango ambacho bodi ya zamani ingenipa chenga kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Nikabonyeza. Kwenye skrini uso wa bibi ulikuwa uso wa bibi: weusi wake wenye wekundu wa mbali mashavuni, mikunjo ya paji la uso, na upande wa kivuli, ambako zamani ningepata giza tupu, ngozi bado ilikuwa ngozi.

Nilifurahi, halafu nikaikumbuka picha ya babu.

Chini ya kitanda cha bibi kuna sanduku la bati, na ndani yake kuna picha mbili ambazo kwa miaka mingi sikuelewa kwa nini zinapingana. Ya kwanza ni ya bibi akiwa msichana, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio miaka ya 1960. Unaweza kuhesabu nywele za nyusi zake. Ya pili ni ya rangi, ya mwaka 1987, kwenye harusi ya shangazi. Babu amesimama juani mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amevaa kanzu nyeupe. Kanzu inaonekana hadi mshono wa shingoni. Ukuta unaonekana. Babu mwenyewe ni doa jeusi lenye meno. Alifariki mwaka 1991, kabla sijazaliwa, na hiyo ndiyo picha pekee aliyoacha.

Swali langu la utotoni lilikuwa rahisi: kwa nini picha ya zamani ni nzuri kuliko ya karibuni?

Sehemu ya jibu iko mikononi mwa watu. Mpiga picha wa studio za zamani alishika kazi yote mwenyewe. Kule Zanzibar, kwa mfano, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtu wa studio ya namna hiyo ndiye aliyepanga taa, aliyebonyeza, na aliyeingia chumba cha giza kusafisha picha. Wateja wake walikuwa Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wangazija. Akishindwa kuonyesha uso wa mmoja wao, hapati kula. Uso ukitoka mweusi mno, aliukinga kwa kiganja au kipande cha karatasi chini ya taa ya kuchapia ili karatasi ipate mwanga kidogo mahali pale, na uso ukang'aa. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye kisanduku cha filamu. Ulikuwa kichwani mwake.

Rangi ilipoingia, kazi ikagawanyika. Mpiga picha wa mtaani alibaki na kubonyeza tu. Filamu ilipelekwa mjini kwenye mashine. Mashine haimjui babu. Inapima wastani wa mwanga wa fremu nzima, na fremu iliyojaa kanzu na chokaa inahesabiwa kuwa na mwanga kupita kiasi, basi picha nzima inatiwa giza. Hapo fizikia ina lawama yake: tofauti kati ya kitambaa cheupe juani na ngozi nyeusi ni kubwa, na filamu yoyote ingepata taabu.

Lakini si fizikia peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi. Ilikuwa picha ya mwanamke mzungu, na mafundi waliita kadi hiyo Shirley, jina la mwanamitindo wa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke sawasawa. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeandika kuhusu kadi hizo mwaka 2009, alisimuliwa na waliokuwa wafanyakazi wa Kodak kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia na nyeusi ulitokana kwa sehemu kubwa na malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani. Chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi zilitoka sawa kwenye matangazo. Mbao za aina mbili zilionekana aina moja. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti pamoja ilikuja miaka ya 1990. Babu alikuwa ameshazikwa.

Kamera ya dijitali ilizaliwa katika kampuni hiyohiyo. Mwaka 1975, huko Rochester, New York, mhandisi kijana Steven Sasson aliunganisha kifaa cha karibu kilo 3.6 kilichopiga picha nyeusi na nyeupe ya nukta 10,000 tu, na kilichochukua sekunde 23 kuirekodi kwenye kaseti. Karibu na wakati huo mwenzake, Bryce Bayer, alibuni kichujio ambacho kamera nyingi bado hutumia, hii yangu ikiwemo: nusu ya nukta hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu, na hesabu hujaza zilizobaki. Kodak yenyewe haikuukimbilia uvumbuzi huo, kwa kuwa ilikuwa ikila kutokana na filamu. Mwaka 1999 Nikon ilitoa D1, mwaka 2003 Canon ikatoa 300D kwa bei ya chini ya dola 1,000, na Januari 2012 Kodak ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Ungedhani filamu ilipokufa na tatizo la babu likafa nalo. Halikufa. Kihisi ni kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mahali penye giza umeme ni mdogo, na ukiukuza unakuza na chenga zake. Kwenye bodi yangu ya zamani nilikuwa na kanuni: bwana harusi mweusi, bibi harusi wa shela jeupe, ukumbi wenye taa za zambarau, chagua mmoja. Mara nyingi nilichagua shela, kwa sababu wateja hulalamika shela likiungua, lakini uso wa bwana harusi ukizama wanasema tu, "Si unajua yeye mweusi." Niliwahi kulisema neno hilo mimi mwenyewe, mbele ya mteja, kujitetea. Picha ya babu ilikuwa na fundi wa namna hiyo nyuma yake, na kwa miaka minane fundi huyo nilikuwa mimi.

Ndiyo maana picha ya kibatari ilinigusa kuliko paka na kitasa. Vihisi vya sasa vina chenga chache mno gizani, na faili ghafi hubakiza habari nyingi upande wa kivuli, kiasi kwamba sasa naweza kuwabakisha wote wawili, shela na bwana harusi.

Sikusahau kuijaribu palipo pagumu. Bodi hii hutafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata. Jicho la bibi ililiona kwenye mwanga wa kibatari, jambo lililonishangaza. Asubuhi, alipokaa mlangoni jua likiwa nyuma yake, ikampoteza, ikashika kanga iliyoanikwa uani. Huenda ni mwanga tu. Lakini mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kutambua jinsia ya mtu kwa kuangalia uso, wakakuta zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na si zaidi ya asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Siku hizi Shirley anaweza kukaa ndani ya programu, ambako fundi hamwoni.

Kabla ya kuondoka nilifanya nililolijia. Niliipiga picha ya babu kwa bodi mpya, nikaifungua kwenye kompyuta, nikavuta vivuli juu hadi mwisho. Kikatokea kijivu cha karatasi. Kilichokuwa kwenye filamu huenda kilikuwa kingi zaidi, lakini filamu ilibaki kwa mpiga picha, na bibi hakumbuki hata jina lake.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Uso wa babu."

Akacheka. "Alikuwa na kovu hapa," akagusa juu ya jicho la kushoto. "Alianguka mnazini. Na sikio moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, kama lako."

Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kovu. Nikaliandika nyuma ya picha, na tarehe.

Wiki iliyofuata nikamletea bibi picha yake ya kibatari ikiwa imechapwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaiinamisha upande wa dirisha, akasema nimemzeesha. Kisha akavuta sanduku la bati na kuiweka juu ya ile ya babu.